Mwaka Nilioshika Taa ya Hema

Mwezi uliopita tulimchoma Hema, na mwanangu mkubwa ndiye aliyebonyeza kitufe. Huku Johannesburg hatuna kuni wala mto. Tuna ukumbi wenye viti vya plastiki, pazia la bluu na kitufe ukutani, na anayekibonyeza anatakiwa awe mtoto wa marehemu. Hema hakuzaa. Basi wakamwita mwanangu, wakamfunga shuka nyeupe, akabonyeza, kisha akageuka akalia mpaka kamasi zikamtoka, mtu mzima na ndevu zake. Mimi niliyemzaa nilikuwa safu ya pili, na nilichowaza pale sitakisema kwa Kigujarati wala kwa Kiingereza: huyu hatanililia mimi hivi. Ndiyo, mwenzangu yuko nyuma ya pazia anageuka majivu, na mimi bado nina donge naye. Tuliporudi nyumbani, wanawake wa Lenasia, mtaa wetu wa Wahindi, walikaa sakafuni na sari zao nyeupe wakaanza kumsifu, na mmoja akasema Hema hakuwahi kusema uongo maishani mwake. Wote wakaitikia. Mimi nikanywa chai yangu, kwa sababu ninaujua mmoja, na aliusema kwa ajili yangu. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyotoka nayo Tanga, kwa kuwa katika ukoo huu wote hakuna awezaye kukisoma. Wanangu wanakisikia nikiwagombeza, basi.

Nililetwa nyumba ile nikiwa na miaka ishirini na miwili, mke wa mtoto wa pili. Hema alikuwa mke wa mtoto wa kwanza, ana miaka saba ndani ya ndoa, daktari katika hospitali moja ya serikali. Nilimwita Bhabhi, kama desturi yetu Wahindu inavyotaka umwite mke wa kaka wa mumeo. Jina lake nililitaja moyoni tu, na si kwa wema. Jamani, mimi nilikuwa nimefundwa! Nilijua mifungo yote ya mwaka na mungu gani anapewa ua gani. Chapati yangu ilikuwa duara kama imekatwa kwa bakuli. Nilijua kufunika kichwa wazee wakiingia, kugusa miguu ya mama mkwe asubuhi kabla sijagusa birika. Nikajua kabisa kwamba nikifika, mama mkwe wangu, Ba, atanitazama mimi, atamtazama yule wa nywele fupi anayetoka asubuhi na funguo za gari mkononi, na atashukuru kwamba hatimaye amepata mkamwana. Kigujarati cha Hema kilikuwa cha kuchechemea. Chapati zake zilikuwa na kona. Akirudi kazini anatupa viatu mlangoni, anajitupa kwenye kochi, anaweka kichwa mapajani kwa Ba, na Ba anamkuna nywele huku akimuuliza, "Leo nani kafa, nani kapona?" Mimi nikiwa nimesimama pale na sinia ya chai.

Jikoni kulikuwa na dirisha dogo linalotazama uani, na uani ndiko Ba alikokaa na dada yake, Kanta Masi, kumenya njegere. Siku moja nilikuwa nakaanga mbegu za haradali, nikasikia jina langu. Nikapunguza moto. "Huyu mdogo ana mkono," Ba alisema. "Tangu aje sijatia chumvi chakula kwa mashaka." Nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Kanta Masi akasema, "Basi umepata wa kumwachia nyumba." Njegere zikadondoka bakulini, kisha Ba akasema, "Wa kumwachia jiko, ndiyo. Lakini wa kuzungumza naye ni yule mkubwa. Huyu mdogo ukimuuliza kitu anajibu unachotaka kusikia." Haradali zikaungua. Nilizimwaga, nikaanza upya, na siku ile nilipika vitu vinne badala ya viwili. Leo nikikumbuka nacheka, maana Ba alikuwa amesema kweli na mimi jibu langu likawa kukaanga zaidi. Wakati ule sikucheka. Roho iliniuma wiki nzima.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nilidhani litamwangusha Hema, nalo ni kukaa pembeni. Nyumba ile ilishika ya kale: mwanamke akiwa katika siku zake haingii jikoni, haingii chumba cha mungu, analala kwenye mkeka wake na anakula kwenye sahani yake mpaka aoge kichwa siku ya nne. Nilimngoja Hema akatae, daktari mzima. Wapi! Alichukua kiti, akakiweka nje ya mlango wa jikoni, akakaa pale miguu juu akimhadithia Ba habari za wodini, na Ba ndani anapika huku anacheka mpaka anajifuta macho. Siku tatu zake zikawa sikukuu. Zangu mimi nilikaa chumba cha nyuma nikitazama ukuta, sahani inasukumwa mlangoni, hakuna anayeniletea hata umbea. Ba alijua tarehe zetu wote wawili kuliko tulivyozijua wenyewe. Haikuwa siri ya kuona haya. Ndivyo nyumba ilivyopangwa, nani apike lini, nani asuke maua lini.

Mwaka ule Ba aliweka nadhiri. Tunazo siku tisa za Navratri, za kumwabudu Mama Mungu, na katika siku hizo Ba aliahidi kuwasha taa ya samli ambayo haitazimika hata dakika moja, usiku na mchana, ili Hema apate mtoto. Taa ikizimika, nadhiri imekufa. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo alituita sebuleni, akanigeukia mimi akasema, "Jaya ataishika taa. Akipata udhuru, Hema atampokea. Na yule atakayeifikisha siku ya kumi, nitampa ufunguo." Ufunguo ule ni wa chumba cha mungu. Ba aliufunga kwenye ncha ya sari yake tangu alipopewa na mama mkwe wake, na anayeufunga ndiye mwanamke wa nyumba. Wengine wote ni wageni wa kudumu. Kwa haki ulikuwa wa Hema, mkubwa. Sasa Ba alikuwa ameuweka katikati yetu, na mimi niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, mume wangu akiwemo. Jioni ile Hema alinifuata kwenye kamba ya nguo. "Jaya, tarehe zako si zinaangukia humo humo? Nikuandikie vidonge vya kuchelewesha? Nusu ya wanawake wa Lenasia wananiomba kila mwaka." Alisema kwa wema, najua sasa. Wakati ule nilisikia kitu kimoja tu: kwamba hata ufunguo nikiupata, nitakuwa nimeupata kwa fadhila yake. Nikasema, "Asante, Bhabhi, mimi mwili wangu una adabu, utangoja." Kiburi hicho ndicho kilichonifikisha nilikofika.

Siku tano mwili ulingoja. Nililala kwenye mkeka ndani ya chumba kile, peke yangu, kwa sababu siku tisa zile mke na mume hawalali pamoja. Kilikuwa chumba chembamba, zamani kilikuwa stoo; kilinuka samli, udi na maua ya marigoldi, na dirisha lake tulilibandika gazeti upepo mkavu wa huku usiingie na vumbi lake. Kila saa mbili niliongeza samli na kusogeza utambi kwa kijiti. Nilikula mara moja kwa siku, sago iliyokaangwa na viazi na karanga. Ba alikuja, akakaa, akaitazama taa, akanitazama mimi, akaweka mkono begani mwangu. Siku tano hizo nilikuwa na furaha ambayo sitaki kudanganya kuihusu. Hema alipita mlangoni asubuhi akienda kazini, akaweka viganja pamoja, akainamisha kichwa, si kwangu bali kwa taa, lakini mimi nilikuwa nimekaa kando ya taa na niliipokea salamu ile kama yangu.

Siku ya sita asubuhi, damu. Nilikaa chooni nikaliona doa, nikasema "Loo!" kwa sauti. Nilichotakiwa kufanya ni kitu chepesi: kwenda mlangoni kwa Ba na kusema nimepata udhuru. Hema angeomba ruhusa kazini, angekaa siku nne zilizobaki, angeifikisha taa, na ufunguo ungekuwa wake kwa jasho langu la siku tano. Nikamwona kabisa machoni mwangu akicheka na Ba ndani ya chumba kile, ananyoosha miguu, anamwaga samli ovyo. Nikanawa, nikabadili nguo, nikarudi kwenye taa. Tena nisieleweke vibaya. Wapo wanawake leo, wajukuu wa Kanta Masi wakiwemo, wanaingia chumba cha mungu siku yoyote na wanasema Mungu hana habari na mambo hayo, nami siwagombezi. Lakini mimi niliamini. Niliamini kwamba mkono wangu unaichafua taa ile na kwamba nadhiri ya mtoto wa Hema inaharibika chini ya vidole vyangu, na bado niliuingiza mkono.

Pakiti za pedi zilikuwa kwenye kabati la bafuni na Ba angeona moja imepungua, kwa hiyo nilimgeukia Mama Riziki. Huyu alikuwa fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, anaishi Joubert Park na anashona katika duka la familia yetu kule Marshalltown. Msimu wa Navratri alikuja nyumbani kushona blauzi na sketi za kuchezea. Ndiye mtu pekee niliyezungumza naye Kiswahili, nikamng'ang'ania kama ndugu, ingawa 'ndiyo' yangu kwake ilikuwa 'njo'. Nikamnong'oneza aninunulie pedi spaza, kile kiduka cha mtaani, aje nazo chini ya vitambaa, na zilizotumika aondoke nazo ndani ya mfuko wa vipande. Alisimamisha cherehani. "Eish, Jaya! Sasa ile njo kitu ya kuficha? Si wanamke wote tuko nayo? Mungu njo aliumbaka vile."

"Wewe hujui desturi zetu, Mama Riziki. Nisaidie tu."

"Desturi sijui, lakini wivu niko najua." Akakata uzi kwa meno. "Ule daktari hana kosa na weye. Juzi aliniulizaka mguu yangu inaendelea namna gani, akaniletea dawa. Weye njo uko unajipika mwenyewe ndani ya sufuria yako."

"Utanisaidia au hutanisaidia?"

"Nitakusaidia. Lakini usiniombe nikuombee." Na kweli alinisaidia, na kwa siku nne alizozibeba zile pakiti hakuimba hata wimbo mmoja wa kanisani kwake, yeye ambaye hakushona bila kuimba. Nilimnunia, eti ananihukumu.

Taa ilifika siku ya kumi. Asubuhi ile nyumba ilijaa wanawake, sari za kila rangi, sahani za peremende zinapita. Ba aliniita katikati. Nilidhani ni ufunguo tu. Akanishika kidevu, macho yake yamelowa, akasema mbele ya wote, "Nilihesabu siku zake. Nikangoja akae pembeni, hakukaa. Nikamuuliza Hema, umempa vidonge? Hema akaniambia alimpa akakataa." Akanitia peremende mdomoni. "Mama amesikia. Nyumba hii imepata." Mara ya kwanza sikuelewa. Kisha vigelegele vikalipuka na nikaelewa, peremende imenijaa mdomoni, siwezi kutema wala kumeza. Nyumba yetu ile, mwanamke asiyekaa pembeni ana maana moja tu, mimba, na mimi mjinga, katika hila zangu zote za pakiti na vipande vya vitambaa, sikuliwaza hilo. Kanta Masi akapiga kofi akicheka, "Mama kasikia dua, ila kapiga hodi mlango wa pili!" Wakacheka wote. Ba akafungua ncha ya sari yake, akaufunga ufunguo kwenye yangu.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na mdomo. Lakini nilimtafuta Hema kwa macho nikamwona anaokota vikombe, anaviweka juu ya sinia, anaingia jikoni, na uso wake ulikuwa uso wangu. Ule ule niliouvaa miezi yote nikiwa nimesimama na sinia ya chai. Miaka imepita, Hema amekufa, na mimi natakiwa kuandika kwamba niliumia. Sikuumia. Nilifurahi. Nikameza peremende.

Nikawa malkia wa wiki tatu. Ba alinikataza kuinua ndoo. Alinikuna nywele mimi sasa, kichwa changu mapajani kwake, akaniuliza nilipoota usiku niliota matunda gani, akamwambia mume wangu Kirit asinipigie kelele, na Kirit masikini akawa ananyata ndani ya nyumba kama mwizi. Ba akaanza kufuma kofia ndogo ya manjano. Hema aliniuliza mara mbili kama niende hospitalini kwake anipime, nikamwambia nitakwenda kwa daktari mwingine, naona haya. Alinitazama kidogo, akasema sawa. Alikuwa mpole kwangu kupita kiasi, na upole ule niliuhesabu kuwa ushindi wangu. Kisha asubuhi moja, tarehe ile ile ambayo mwili wangu haukuwahi kuikosa, damu ikarudi. Safari hii sikuwa na Mama Riziki wala mahali pa kuificha. Tena hata nikiificha, tumbo lingetakiwa kukua.

Nilikwenda chumbani kwa Hema. Nilikuwa sijawahi kuingia. Nilitarajia anasa, sijui kwa nini, nikakuta kitanda, vitabu vizito chini ya dirisha, na koti jeupe juu ya msumari. Alikuwa anafunga saa mkononi. Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni, nikamwambia yote kwa mkupuo: siku ya sita, pakiti, ufunguo. "Hakuna mtoto, Bhabhi. Na wako nimemharibu. Nimeichafua nadhiri yako." Nilingoja kofi. Hema alikaa kitandani polepole.

"Nadhiri haikuwa na kazi," alisema. "Mirija yangu ya uzazi imeziba. Nimepimwa mara mbili. Nilishindwa kumwambia Ba, nikamwacha awashe taa yake. Sasa unajua wewe."

Nikaanza kulia. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Usilie, sijamaliza. Siku ile ulipotiwa peremende, niliosha vikombe vilivyokuwa safi. Nilikuonea wivu, Jaya, mpaka meno yakaniuma. Na hata sasa hivi, umeniambia ni uongo, bado nakuonea wivu. Wiki tatu Ba amekutazama vile. Mimi hata wiki moja ya uongo sijawahi kupewa."

Alisema hivyo kama mtu anayesema jino linauma. Mimi nilikuwa nimeubeba wivu wangu mwaka mzima nimeufunika kwa sari, na yeye aliutoa wake akauweka juu ya kitanda. Nikamwonea wivu na hilo pia.

"Nisaidie," nikasema. "Mwambie Ba mimba imetoka. Wewe daktari, atakuamini."

Nje gari la jirani lilikuwa linakataa kuwaka. "Nenda kalale," akasema mwishowe. "Jifunike. Usiseme kitu chochote, wewe hujui kudanganya, unajua kuficha tu." Akavaa koti lake jeupe, ambalo hakulivaa nyumbani hata siku moja, akateremka kwa Ba.

Nililala nikajifunika mpaka kidevuni. Nilisikia sauti ya Hema chini, fupi, tulivu, Kigujarati chake kinachechemea. Kisha nikamsikia Ba. Sitaiandika ile sauti. Mpaka alipokufa, Ba akiulizwa ana wajukuu wangapi alisema watatu, na mimi niliyezaa wawili nilikuwa nikiangalia chini, na Hema akiangalia dirishani.

Baada ya saa nzima mlango ukafunguka. Nilikuwa katika damu, Ba alijua niko katika damu, na kwa miaka yake yote mwanamke yule hakuwahi kumgusa aliye katika damu, hata binti zake. Aliingia na bakuli la halua ya semolina, moto, samli inaelea juu. Akakaa kitandani kwangu. Akainua kichwa changu akakilaza kifuani kwake, akachota kwa vidole vyake mwenyewe, akanilisha. "Kula, mwanangu," alisema. "Kula, umepungukiwa." Hema alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Nilijua kwamba neno moja langu lingeutoa mkono ule mdomoni mwangu na kuupeleka unakostahili. Nikala. Nikala mpaka bakuli likaisha, na Ba akaniuliza kama aniongeze. Hema alikuwa ananitazama. Nikasema, "Niongeze, Ba."